Jinsi Uso Wangu Ulivyouza Ng'ombe wa Mama

Sitawaficha, nyinyi ni marafiki zangu na najua wengine wenu mmeshasikia nusu ya hii habari kwa watu wabaya, kwa hivyo afadhali muisikie yote kwangu: mimi ndiye yule mtu wa Eldoret aliyewekewa mikono kichwani na watu kumi na wanne, pasta akiwa mbele, akaombewa ugonjwa ambao hakuwa nao, huku ameficha kadi mbili za kingi chini ya kiganja. Mpaka leo nikipita sokoni kuna mama fulani (simjui, naapa simjui) ananisimamisha kuniuliza kama dawa zinanikubali. Na kwa sababu ya ujinga huo mama yangu mzazi, kule Chepsaita, hana ng'ombe wa maziwa, amebaki na ndama tu, na yule ndama akiniona anageuka upande mwingine. Hiyo ndiyo habari kwa ufupi, na ningependa sana iishie hapo, lakini najua hamtaniacha.

Mimi nina duka la mbegu na dawa za mifugo hapa mjini, hilo mnalijua, na kanisani kazi yangu ni ya mlangoni, kusimama pale kila Jumapili na kusalimia watu kwa meno yote thelathini na mawili. Hivyo ndivyo Mungu alivyoniumba, uso wangu hauna pazia. Nikifurahi inaonekana, nikikasirika inaonekana, nikiwa na njaa hata jirani anajua. Kwa mtu wa mlangoni hiyo ni baraka, lakini kwa mtu wa kucheza poka ni msiba, na mimi, bila mke wangu kujua, nilikuwa mtu wa poka.

Poka yenyewe si ile kadi tuliyocheza shuleni ya kupiga meza na kusema "niko kadi", hapana, hii ni ile ya kukaa kimya, kadi mbili mkononi na zingine mezani, na kila mtu anajifanya ana kile ambacho hana. Tulikuwa tunacheza kila Jumamosi mchana kwa Ouma, mwalimu wa fizikia, mtu wa ziwa aliyehamia Kapsoya zamani mpaka sasa analalamikia baridi kama mtu wa hapa. Pesa hatukuwekeana. Tulicheza kwa mahindi na maharagwe kutoka dukani kwangu, punje ya maharagwe ikiwa na thamani ya punje kumi za mahindi, na mara moja kwa mwaka tulifanya mchezo mkubwa ambao kila mtu anachangia, mshindi anaondoka na mbuzi. Mbuzi mzima, mwenye pembe. Nyumbani Jeruto, mke wangu, alijua kwamba Jumamosi mchana niko kwenye chama. Na si uongo kabisa, kwa sababu tulikuwa na mwenyekiti.

Sasa miaka miwili mfululizo nilikuwa nachangia mbuzi wa watu wengine. Nikipata kadi nzuri naanza kuguna wimbo wa kanisa bila kujijua, nikipata mbovu nashika sikio, na wale jamaa walikuwa wanalijua sikio langu kuliko daktari. Siku moja Ouma akaniambia mbele ya wote, "Kibet, kucheza na wewe ni kama kusoma gazeti. Mimi hata sihitaji kuangalia kadi zangu." Wakacheka mpaka maharagwe yakamwagika. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni niliumia.

Ndipo nikakutana na yule mtu wa kwenye simu. Mzungu mmoja, miwani nyeusi ndani ya nyumba, anafundisha poka kwa video, na anaongea polepole kama mtu anayetangaza kifo. Akasema kadi si kitu. Akasema matokeo ya mezani yanapikwa kichwani, ni mindset tu, kwamba mchezaji wa kweli hafurahii kadi nzuri wala hahuzuniki kwa mbovu, na kabla ya kufanya jambo lolote anahesabu mpaka kumi kimoyomoyo, ili adui asijue ni lini alifikiri na ni lini aliogopa. Halafu akamalizia na lile neno lililonimaliza: kwamba huo uso huwezi kuuvaa siku ya mchezo tu, lazima uuishi wiki nzima, kazini, nyumbani, kila mahali. Mtu mwenye akili angezima simu akaenda kulala. Mimi nilichukua kalamu nikaandika.

Basi Jumatatu asubuhi, wiki ya mbuzi, nikisimama mbele ya kioo na povu la sabuni, nikaamua kwamba huu uso hautasonga tena mpaka Jumamosi. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo. Sikumwambia mtu, kwa sababu ningesema nini? Kwamba mimi, mtu wa mlangoni, nafanya mazoezi ya kamari?

Dukani mambo yalianza vizuri sana. Mzee mmoja akaja kuulizia mbegu ya mahindi, akaniuliza kama hii itafanya vizuri kwa shamba la chini, nikamwangalia, nikahesabu mpaka kumi, nikasema itafanya. Akairudisha kwenye rafu taratibu kama mtu anayerudisha yai, akasema atafikiria, na nikamwona akiingia duka la ng'ambo ya barabara. Mwingine aliuliza kama dawa ya kupe imepanda bei, nikahesabu, na kabla sijafika saba akasema pole na akaondoka. Jioni nikapiga hesabu nikaona siku imekuwa mbaya, na kwa kuwa mchezaji wa kweli hahuzuniki, sikuhuzunika. Nilijipongeza.

Nyumbani nilimkuta Jeruto amesimama sebuleni hajavua hata sweta. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Turbo, na kwa miaka mitatu alikuwa anaandika barua za kuomba kuhamishiwa mjini, anaamka alfajiri, anarudi amechoka, anaandika tena. Akaniambia, "Baba Mercy, barua imekuja. Nimeletwa Eldoret."

Jamani, kwa ndani niliruka. Kwa ndani nilipiga makofi na kumwita binti yetu Mercy aliyeko bwenini. Kwa nje nilihesabu mpaka kumi, nikasema, "Sawa," nikaenda kunawa mikono. Nikiwa pale sinki nikajiangalia kwenye kioo kidogo, uso umekauka kabisa, hakuna kilichosonga, nikasema moyoni kwamba kama nimeshinda hii basi Ouma hana lolote. Nyuma yangu mke wangu alikuwa bado amesimama na barua yake. Hiyo ndiyo sehemu ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona aibu kuliko yote, hata kuliko ile ya pasta.

Sasa mwanamke ana akili, na akili ikikosa jibu inaenda kulitafuta. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeenda hospitali kwa sababu ya jino, wakanipiga eksirei ya taya, na karatasi ikabaki kwenye mfuko wa suruali. Jeruto akifua Jumanne akaipata. Ilikuwa imelowa, palikuwa pamebaki jina langu, neno eksirei, na sahihi ya daktari ambayo kama zote haisomeki. Usiku, wakati wa chakula, akaniuliza, "Hiyo hospitali walikuambia nini?"

Nikaanza kuhesabu. Nilipofika sita akaanza kulia. Nilipofika kumi nikasema, "Hakuna kitu." (Nawauliza nyinyi, mtu akikaa kimya hivyo ndipo aseme hakuna kitu, si kuna kitu?) Nami nikimwangalia analia nikawaza, kwa ile akili yangu mpya, kwamba huyu ananipima, anataka kuona kama nitasonga. Nikaendelea kula sukuma wiki.

Jumatano Mama akanipigia kutoka Chepsaita, akauliza kama ninakula, nikakaa kimya kiasi chake nikasema ninakula, naye akasema Mungu yupo, akakata. Alhamisi pasta akaja dukani, akanunua kilo mbili za chakula cha kuku, na pasta hana kuku. Akaegemea kaunta akanisimulia habari za Ayubu tangu mwanzo mpaka mwisho, majipu yote, akinitazama usoni, na mimi nikamtazama vilevile. Alipomaliza akanishika bega akasema, "Ndugu Kibet, si lazima mtu abebe peke yake." Nikahesabu. Nikamwambia, "Nashukuru, pasta." Akatoka anafuta macho na chakula cha kuku kwapani.

Na nyumbani, lo. Ghafla nikawa mfalme. Kila siku firigisi. Majirani wanaleta matunda, parachichi, ndizi, mpaka asali. Nikiingia mahali watu wananyamaza. Kijana wa bodaboda akakataa nauli yangu. Mama Ruth, mwenyekiti wa akina mama kanisani, ambaye kwa miaka hajawahi kunipisha njia, akaninyanyulia kiti. Mtu mwingine angejiuliza kuna nini. Mimi nilisema tazama nguvu ya mindset, mtu anakausha uso siku nne tu na mji mzima unaanza kumheshimu, na nikamwonea huruma yule Mzungu kwa kutoa siri kubwa hivyo bure.

Kile ambacho sikujua ni kwamba kulikuwa na kundi la WhatsApp. Liliitwa Tusimame na Kibet, picha ikiwa ile ya harusi yangu, wamemkata Jeruto amebaki bega. Watu waliokuwa mle ndani ni wengi kuliko waliokuja kwenye hiyo harusi. Alhamisi mtu mmoja akauliza kama ugonjwa huo unatibika hapa, mwingine akajibu kwamba binamu yake alitibiwa India, na kwetu ugonjwa ukishatajwa pamoja na India hakuna anayeuliza tena ni ugonjwa gani. Kuanzia hapo nilikuwa naenda India, na michango ikaanza. Kila mtu Eldoret alijua isipokuwa msafiri.

Jumamosi ikafika. Nilikula firigisi zangu, nikamwambia Jeruto naenda chama, akaniuliza kama nina nguvu, nikahesabu, nikasema ninazo. Kwa Ouma, kule ghorofani, tulikuwa saba, mbuzi amefungwa chini kwenye mti wa uani, analia.

Na niwaambie ukweli, kwa sababu hata mjinga ana haki yake: kile kitu kilifanya kazi. Nilikaa pale kama jiwe. Nikapata kadi nzuri, hakuna wimbo. Nikapata mbovu, sikio halikuguswa. Jamaa wakaanza kunitazama kwa wasiwasi, mmoja akatupa kadi ambazo baadaye niligundua zilikuwa bora kuliko zangu, mwingine akauliza kama nimekasirikia mtu. Mmoja baada ya mwingine wakamaliza mahindi yao wakasogea ukutani, mpaka tukabaki mimi na Ouma, na mbele yangu kilima cha maharagwe ambacho sijawahi kukiona isipokuwa dukani.

Halafu nikapewa kingi mbili, na mezani ikafunuliwa ya tatu. Nyinyi mnaocheza mnajua, wasiocheza niamini tu kwamba kwa kadi hizo mtu anaweza kuanza kununua kamba ya mbuzi. Ouma akanitazama usoni kwa muda mrefu, hakuona kitu, akadhani hakuna kitu, akasukuma mahindi yake yote katikati. Kazi yangu ilikuwa kusema tu neno moja. Lakini mimi ni mtu wa nidhamu, nikaanza kuhesabu mpaka kumi.

Nilikuwa nimefika saba niliposikia kuimba kwenye ngazi.

Mlango haukubishwa. Waliingia wakiimba, pasta mbele, Mama Ruth, akina mama wa kanisa na vitambaa vyao, Jeruto macho yamevimba, na nyuma yao, ameshika mkoba kifuani, Mama yangu ambaye hajawahi kupanda ngazi za ghorofa Eldoret tangu azaliwe. Baadaye nilielezwa kwamba walikuwa wameamua watu wa chama changu nao waelezwe wachange, na kwamba niombewe pale pale nisipate nafasi ya kukataa. Mama Ruth akaangalia meza, akaona mahindi na maharagwe yamepangwa mafungu mafungu, akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia mwenzake kwamba hata katika hali hii bado anafundisha watu mambo ya mbegu.

Ouma aliinuka, akavua kofia. Wengine ukutani wakainamisha vichwa. Mikono ikaniangukia, kichwani, mabegani, mgongoni, mtu mmoja akanishika hata goti, na mimi chini ya kiganja nimefunika kingi zangu mbili, nazibana, kwa sababu (naona aibu kusema) bado nilikuwa kwenye mchezo. Uso wangu haukusonga. Pasta akaanza. Akaomba juu ya ugonjwa ambao ndugu yetu ametuficha kwa upendo, akaomba juu ya madaktari wa India, akaomba juu ya ndege. Hapo kwenye ndege ndipo nikaanza kuelewa, polepole, kama mtu anayeamka na kukuta nyumba si yake. Halafu akasema, "Na umkumbuke mama huyu mjane, aliyemtoa Rosa wake, akabaki bila hata maziwa ya chai."

Rosa ni ng'ombe wa Mama. Maziwa ya mama yake Rosa ndiyo yaliyonisomesha, na ya Rosa mwenyewe ndiyo yalikuwa yanamlisha Mama, asubuhi anapeleka kwenye mzani wa ushirika barabarani, jioni anakunywa yake. Nikamtafuta Mama katikati ya mikono. Alikuwa amepiga magoti kwenye simiti ya Ouma, hafungi macho, ananitazama mimi tu.

Nikasimama. Kadi zikaanguka zikachanganyika na zingine, sikujali. Nikasema, "Mama, mimi si mgonjwa."

Pasta akapaza sauti akasema amina, kiri hivyo hivyo ndugu. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikarudia kwamba si mgonjwa, sijawahi kuwa mgonjwa, nao wakazidi, Mama Ruth akaanza wimbo wa ushindi, kadiri nilivyokana ndivyo nilivyozidi kupona. Jeruto peke yake ndiye hakuimba. Alikuwa anatazama sakafu, mahali zilipoanguka kadi. Akainama, akaokota kingi moja, akaiangalia mbele na nyuma.

"Baba Mercy," akasema, na wimbo ukakatika, "hiki ni nini?"

Nikawaambia. Sikuwa na kumi ya kuhesabu tena. Nikasema ni poka, nikasema ni mbuzi aliye uani, nikasema uso wangu wa wiki nzima yalikuwa mazoezi, kwamba ile karatasi ya hospitali ilikuwa ya jino, nikafungua mdomo nikawaonyesha jino. Watu kumi na wanne wakachungulia. Chini mbuzi akalia, na pasta akatoa kitambaa akafuta mikono yake, kidole kimoja kimoja, ile mikono iliyokuwa kichwani kwangu.

Mbuzi alienda kwa Ouma, kwa sababu sheria ni kwamba kadi zikichanganyika umejitoa. Kesho yake alinipigia kuniambia kwamba hakuwa na kitu chochote mkononi, alikuwa ananitisha tu, akaniuliza mimi nilikuwa na nini. Nilimwambia nilikuwa na homa. Kanisani nimepewa mapumziko ya kazi ya mlangoni, bila tarehe ya kurudi. Michango ilirudishwa yote, isipokuwa mzee mmoja aliyekataa kupokea ya kwake, akasema nikae nayo, kwa vile alivyoniona siku moja nitaugua kweli.

Jeruto hakunifokea, na heri angenifokea. Usiku ule alinikalisha kwenye kochi, akaleta ile barua ya uhamisho, akanisomea upya neno kwa neno, kisha akaikunja akasubiri. Niliruka. Nikiwa na soksi, kwenye sebule yangu, mtu mzima, niliruka mpaka nikagonga taa. Akanitazama bila kucheka, akaniambia kuanzia leo hataki kuona ule uso tena, si kwake, si kwa mtu yeyote, kwamba kilicho ndani kiwe nje. Nikamwahidi. Niliahidi kwa moyo wote, na kumbukeni nilikuwa mwaminifu.

Jumatatu mimi na Mama tukaenda Cheptiret kumfuata Rosa. Mama alikuwa na pesa alizouzia, hazijaguswa, amezifunga kwenye kitambaa, na kwenye mkoba alikuwa na kamba ya Rosa, kwa sababu kwao ukiuza ng'ombe hutoi na kamba. Njiani aliniambia jambo moja tu, kwamba tukifika nisiseme kitu, nikae tu. Nilidhani ana hasira.

Aliyemnunua ni Mzee Tuwei, mfugaji mwenye kofia ya mvua na tabasamu la taratibu. Akatukaribisha, akaniangalia juu mpaka chini, akauliza kama huyu ndiye mgonjwa, Mama akasema ndiye, akasema amepona. Mzee akasema nimepona haraka. Nikaomba, maana sikuweza kunyamaza, nikamweleza kwamba lilikuwa kosa langu, kwamba pesa zipo zote na nyingine juu. Akasikiliza kwa heshima halafu akakataa kwa heshima hiyo hiyo. Alinunua kwa haki, alisema, na mke wake tangu juzi anamwimbia huyo ng'ombe.

Tukapelekwa zizini tumwone. Rosa aliposikia sauti ya Mama aligeuza masikio yote mawili, akaja mpaka kwenye mbao. Mama hakumgusa. Mama, mwanamaombi, mwanamke ambaye nimemwona akilia kwa ajili ya kuku, alisimama pale mikono imekunjwa, uso hauna kitu.

"Anakaa vizuri hapa," akasema. "Mimi sikuja kumchukua, ni huyu kijana tu. Nimekuja kukuambia kitu, kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa. Hilo titi la nyuma, la kushoto, likivimba, usishtuke. Muite Kibet. Yeye ndiye humtibu."

Mzee Tuwei akaacha kutabasamu. Akainama, akalitazama lile titi, ambalo halijawahi kuvimba tangu Rosa azaliwe. (Mama mpaka leo anasema hakudanganya, alisema "likivimba".) Akauliza kwa nini hakuambiwa siku ya kununua.

"Siku hiyo nilikuwa na mtoto wa kufa," Mama akajibu.

Nikamwona mzee anahesabu kichwani, maziwa, dawa, daktari, pesa zilizoko kwenye kitambaa cha Mama. Akavuta kofia nyuma. Akaanza kusema kwamba kama mambo ni hivyo basi pengine, kwa ujirani mwema, ingekuwa vizuri turudishiane, na mkono wa Mama ukaingia kwenye mkoba palipo na kamba. Halafu yule mzee, kama mtu anayekumbuka kufunga mlango, akanigeukia mimi. "Wewe ndiye wa dawa. Ni kweli?"

Ndiyo moja tu. Nilihitaji kuitikia kwa kichwa mara moja, na uso utulie kwa muda wa kuitikia. Lakini nilikuwa nimemtazama Mama, na nilikuwa nimeelewa kwamba muda wote niliokuwa nahangaika na Wazungu wa miwani nyeusi, bingwa alikuwa Chepsaita anakamua ng'ombe, na nikajivunia, wacha nikubali, nilijivunia mama yangu mpaka ikanijaa kifuani. Nikasikia mdomo unaanza kwenda upande mmoja. Nikaushika. Ukaenda upande wa pili. Nikashika sikio. Kisha kicheko kikatokea puani, na nyuma yake, Mungu anisamehe, nusu ya wimbo.

Mzee Tuwei akaniangalia, akamwangalia Mama, akajinyoosha polepole. Akacheka, akacheka mpaka akashikilia mbao za zizi, akamwita mke wake alete chai. "Mama, wewe nakuogopa," akasema. "Lakini umezaa mtu mzuri. Huyu hawezi kuficha kitu." Chai yenyewe ilikuwa ya maziwa ya Rosa. Tuliinywa yote, kwa sababu kukataa ni matusi.

Kwenye gari Mama aliweka kamba kwenye mapaja, akaikunja, akaikunjua. Tulikuwa tumeshaingia barabara ya Turbo aliposema kitu, na hakunigeukia.

"Wiki nzima ulinikaushia uso mimi, mama yako. Leo nilikuhitaji dakika moja tu."

Poka nimeacha, msiniite, hata mkiniwekea ng'ombe badala ya mbuzi. Jumamosi mchana niko Chepsaita, namnywesha yule ndama wa Rosa maziwa ya kununua kwa ndoo, ananimwagia nusu kwenye viatu, na Mama ananitazama kutoka jikoni bila kusema anawaza nini. Anatafuta ng'ombe mwingine. Amesema siku akimpata nitampeleka yeye kwa gari mpaka kwa mwenye ng'ombe, kisha nitabaki ndani ya gari, vioo vimefungwa, nimeangalia upande wa barabara.